Sufuria ya Biryogo: Mchuzi, Moto wa Polepole na Historia ya Maneno

Siku moja darasani mwetu, hapa Kigali, mwanafunzi mmoja alisimama kwa adabu akauliza: "Mwalimu, Kiswahili ni lugha ya wageni. Sisi kinatuhusu nini?" Hatukumjibu papo hapo. Tulimtaka kwanza atutajie, kwa Kinyarwanda safi, vitu vilivyokuwamo jikoni mwa mama yake asubuhi ile. Akaanza kuhesabu kwa vidole: isafuriya, isahani, igikombe, ikiyiko, igitunguru, tungurusumu, umuceri, isukari, icyayi. Alipofika hapo wenzake waliangua kicheko, naye akacheka, kisha akaketi.

Makala haya yametokana na swali la kijana yule. Tumekusudia kuwaonyesha walimu wenzetu kwamba Kiswahili hakikuingia Rwanda kwa amri za wakubwa peke yake. Kiliingia pia kwa njia ya jiko, na huko jikoni kilidumu hata katika miaka ambayo wenye kukisema walidharauliwa hadharani. Ili hoja yetu isipeperuke hewani, tumechagua chakula kimoja na mtaa mmoja: mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe unaopikwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi, na mtaa wa Biryogo, katika Wilaya ya Nyarugenge, jirani na Nyamirambo.

Njia ya kutoka pwani

Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyoondoka Bagamoyo na Pangani ilifika Tabora na Ujiji, na huko ikasimama miji ya Waswahili yenye misikiti, maduka na majiko yake. Rwanda, hata hivyo, ilibaki kando ya njia hizo. Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyetawala hadi mwaka 1895, hakuwaruhusu wafanyabiashara wa pwani kujenga vituo nchini mwake. Nguo na shanga zilipenya, lakini watu na lugha yao hawakupata makao.

Mambo yaligeuka walipofika Wajerumani. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen, ambaye msafara wake ulianzia Pangani, aliivuka Rwanda na kuonana na Mwami Rwabugiri. Mwaka 1907 Richard Kandt alifanywa mwakilishi mkazi wa kwanza wa Ujerumani nchini Rwanda, naye akaanzisha kituo chake Kigali. Pamoja na utawala huo walikuja askari, wakalimani, makarani, wapagazi na wapishi, na nyuma yao wakafuata wafanyabiashara Waswahili na Wahindi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1913 Waislamu wa Kigali walikwisha kuwa na msikiti wao, Al-Fatah, ambao ndio mkongwe kuliko yote nchini.

Tusidhani kwamba watu hao wote walizaliwa kando ya bahari. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, Wamanyema na watu wa makabila mengine ya bara, waliokwisha kujifunza Kiswahili na Uislamu njiani. Baadaye waliongezeka Wanyarwanda waliosilimu au kuoana nao. Kwa hiyo "Mswahili" wa Kigali, tangu mwanzo, hakuwa mtu wa asili moja. Alikuwa mtu wa maisha ya aina moja: mji, biashara, sala, na chakula kilichopikwa namna fulani.

Kambi ya Waswahili

Majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Kigali mwaka 1916. Utawala mpya uliwatazama Waswahili kwa jicho la shaka, kwa kuwa walikuwa watumishi wa Mjerumani na kwa kuwa hawakuwa Wakristo. Wakatengewa mahali pa kukaa, pakaitwa Kambi ya Waswahili, ndipo Biryogo hii. Aliyetaka kwenda kuishi kwingine alihitaji kibali. Mji wa Bujumbura nao ulikuwa na mtaa wa namna hiyo, Buyenzi, ambao hata leo haujasahau Kiswahili chake.

Elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na mlango wake ulikuwa mwembamba kwa mtoto wa Kiislamu. Basi watu wa kambi waligeukia kazi zisizodai cheti: biashara ndogondogo, ushonaji, udereva, ufundi na uchinjaji. Uchinjaji unatuhusu hapa, kwani Mwislamu hali nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yake, ilhali nyama aliyoichinja yeye yaweza kuliwa na kila mtu. Mwanahistoria José Kagabo, aliyechapisha mjini Paris mwaka 1988 kitabu kuhusu Uislamu na Waswahili wa Rwanda, ameyachunguza kwa kina maisha ya jamii hii na namna ilivyotengwa. Msomaji asomaye Kifaransa hatajuta kukitafuta.

Kutengwa huko kuliacha alama katika lugha. Katika vinywa vya wengi neno Mswahili liligeuka likawa na maana ya mjanja, mtu asiyeaminika. Bibi mmoja wa Biryogo, ambaye ametupikia zaidi ya mara moja, alituambia: "Wanangu, tulipokuwa wasichana, kuitwa Mswahili lilikuwa tusi. Sokoni tulizungumza Kinyarwanda. Tukirudi nyumbani, mlango ukifungwa, mama alikuwa akitutuma jikoni kwa Kiswahili." Maneno yake yalitufundisha zaidi ya vitabu vingi, kwa maana yanaonyesha mahali ambapo lugha hujihifadhi inapofukuzwa barazani.

Namna mchuzi unavyopikwa

Sasa na tuingie jikoni. Bibi huyo huchukua kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa, aghalabu ya muundi au ya kidari. Huikata vipande vikubwa kiasi, akaisugua kwa chumvi, tangawizi na vitunguu saumu vilivyotwangwa. Sufuria ikishashika moto hutia mafuta kidogo na kuikaanga nyama mpaka igeuke rangi ya kahawia, kisha huiepua. Katika mafuta yale yale hukaanga vitunguu maji vitatu vilivyokatwa vyembamba. Havitolewi mpaka viwe laini na rangi yao ikolee. Ndipo hufuata nyanya nne, bizari, pilipili manga na kijiti cha mdalasini. Nyama hurudishwa, na maji ya moto hutiwa kiasi cha kuifikia, si cha kuizamisha.

Kuanzia hapo kazi yote ni ya moto. Makaa mengine huondolewa katika jiko, na yanayobaki hufunikwa majivu ili yawake kwa uvivu. Mchuzi hutokota taratibu, Bubujiko moja hapa na jingine pale, wala hauachwi uchemke kwa fujo. Kifuniko hakifunuliwi ovyo. Akiona joto limepungua mno, Bibi hupalia makaa machache juu ya kifuniko, kama wafanyavyo wapishi wa wali huko pwani. Saa tatu hupita, pengine nne. Viazi mviringo na karoti hutiwa katika dakika 45 za mwisho, kwani vikitangulia vitapondeka. Wakati wa kuepua hunyunyizwa majani ya giligilani. Katika mwezi wa Ramadhani sufuria huwekwa motoni baada ya sala ya adhuhuri, na magharibi ikiadhiniwa nyama huachana na mfupa bila kisu.

Kwa nini polepole? Sababu ya kwanza ni nyama yenyewe. Ng'ombe aliyepanda na kushuka vilima maisha yake yote ana misuli migumu, na vipande vya bei nafuu ndivyo vigumu zaidi. Vipande hivyo vina kano na utando mwingi wa kitu ambacho wanasayansi hukiita kolajeni. Kikipata joto la nyuzi 70 hadi 90 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa, kitu hicho hulainika na kuyeyuka kikawa ute, na ute huo ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito bila kutiwa unga. Moto mkali hufanya kinyume: huikaza nyama na kuikamua maji yake kabla kano hazijayeyuka. Mpishi wa Biryogo hakuhitaji kulijua neno kolajeni. Alijua kwamba mwenye fedha kidogo hununua muundi, na kwamba muundi hautaki haraka.

Sababu ya pili ni desturi iliyoletwa. Pwani kuna bokoboko, chakula cha ngano na nyama kinachopikwa na kupondwa kwa muda mrefu mpaka nyama isitambulikane tena na ngano. Ni ndugu wa harisi ya Oman na nchi jirani za Uarabuni. Desturi ya kuiachia sufuria wakati wake ilikwisha kukaa katika mikono ya watu hao walipopanda kuja huku. Lakini si kila kitu kilichofika. Mchuzi wa pwani mara nyingi hutiwa tui la nazi. Kigali iko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka baharini, katika vilima vyenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, mahali ambapo mnazi haustawi. Basi tui likaachwa njiani, na mahali pake wakachukua kilichopatikana hapa: viazi, karoti na ndizi mbichi. Ndizi zikipikwa katika sufuria moja na nyama au mboga, Wanyarwanda huita chakula hicho agatogo, nacho leo hakiulizi dini wala kabila la mlaji.

Yafaa tukumbuke pia kwamba mgeni huyu alimkuta ng'ombe mwenye heshima yake. Mnyarwanda wa zamani alimfuga ng'ombe kwa maziwa, kwa mahari na kwa kufunga urafiki. Salamu ya kale ya nchi hii ilikuwa kumtakia mwenzako makundi ya ng'ombe. Hatusemi kwamba nyama haikuliwa. Tunasema kwamba kuinunua nyama kwa mzani, siku yoyote, kwa fedha, na kuipika kwa vitunguu na viungo, ni jambo lililokua pamoja na mji na soko. Maneno yenyewe yanashuhudia: mzani ni umunzani, soko ni isoko, duka ni iduka.

Ushahidi wa maneno

Hapa mwalimu wa lugha ana kazi ambayo mwanahistoria peke yake haiwezi. Lazima apambanue maneno ya kurithi na maneno ya kuazima. Nyama na inyama, mafuta na amavuta, ni maneno ya ukoo mmoja wa Kibantu. Hakuna aliyemwazima mwenziwe. Lakini chungu cha udongo kwa Kinyarwanda ni inkono, neno la wenyeji, ilhali chombo cha bati au alumini ni isafuriya. Chombo cha zamani kilibaki na jina lake la zamani, na chombo kipya kilikuja na jina lake mkononi. Sufuria nayo, huko kwetu Uswahilini, ilitoka katika Kiarabu, katika neno lenye maana ya shaba. Hivyo neno hili limesafiri kutoka Uarabuni hadi vilimani Rwanda, na kila lilipofika limevaa nguo za mahali hapo.

Nguo hizo zina kanuni. Kinyarwanda huweka irabu mwanzoni mwa nomino, ndiyo maana sahani ikawa isahani na kahawa ikawa ikawa. Zaidi ya hayo, kiambishi iki- hugeuka kuwa igi- kinapofuatwa na konsonanti isiyo na mghuno kama vile t au k. Kwa hiyo kitunguu kilizaa igitunguru, kikombe kikazaa igikombe, na kitabu kikazaa igitabo. Lakini kijiko hakikuwa "igijiko". Konsonanti ya shina lake ina mghuno, kwa hiyo kilibaki na iki-, kikawa ikiyiko. Kanuni hii wataalamu huiita Kanuni ya Dahl. Mtoto wa Kigali huifuata kila siku bila kufundishwa. Je, kuna njia bora zaidi ya kumwonyesha kwamba maneno ya Kiswahili yalipoingia nchini mwake hayakuvunja sheria za lugha ya mama yake, bali yalizitii?

Wala mkopo haukuwa wa upande mmoja. Jiko la makaa ambalo Mnyarwanda huliita imbabura hujulikana na wasemaji wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo kama mbabula. Waswahili wa maeneo ya maziwa walilikubali neno la bara kwa chombo cha bara. Sufuria ya pwani imekaa juu ya jiko la bara, na chakula kimeiva.

Sufuria ya umeme

Huenda msomaji akauliza kama ustadi huu una maana yoyote wakati huu wa umeme. Nchi za mbali zinatupatia jibu. Mnamo mwaka 1940 mvumbuzi Mmarekani Irving Naxon alipewa hataza ya chombo cha umeme kinachopika polepole. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wazo hilo alilipata katika hadithi ya mama yake kuhusu cholent, chakula cha Kiyahudi cha nyama na maharagwe. Huko Lithuania chakula hicho kiliwekwa katika tanuri la mwoka mikate kabla ya Sabato kuingia, kikaiva usiku kucha kwa joto lililosalia, kwa kuwa dini ilikataza kuwasha moto siku hiyo. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ilianza kukiuza chombo hicho kwa jina la Crock-Pot, nacho kikaenea duniani. Kumbe mashine ile ni kumbukumbu ya jiko la bibi mmoja, iliyotiwa waya.

Mwenye chombo hicho hapa Kigali anaweza kuupika mchuzi wa Biryogo pasipo kuuharibu, mradi akumbuke mambo matatu. Nyama na vitunguu vikaangwe kwanza katika sufuria ya kawaida, kwani chombo kile hakina joto la kukaanga. Maji yapunguzwe, kwa sababu mvuke hautoki. Kisha nyama iachwe kwa saa nane katika joto la chini, au nne hadi tano katika joto la juu. Lakini majivu juu ya makaa, na mtoto anayetumwa akatazame moto huku akisikiliza mazungumzo ya wakubwa, havimo katika chombo hicho. Pamoja na mtoto huyo huondoka darasa zima la lugha.

Baada ya kambi

Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na mwaka 1964 Waislamu wakaunda chama chao cha taifa. Dharau, hata hivyo, haikuondoka kwa siku moja. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, mwaka 1994, wapo watu wa Biryogo na Nyamirambo waliowaficha majirani zao na kuwalisha kwa siri, na wapo waliouawa. Wapo pia walioshiriki uovu. Historia ya kweli haifichi hilo. Lakini baada ya hapo wengi waliutazama mtaa huu kwa macho mengine. Wakati huohuo walirejea Wanyarwanda kutoka Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo, kila mmoja na Kiswahili cha alikokulia.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 2021 baadhi ya njia za Biryogo zilifungwa kwa magari, zikapakwa rangi, na meza za chai na chakula zikapangwa barabarani. Mahali ambapo zamani mtu alihitaji kibali ili atoke, watu wa mji mzima wakawa wanakuja kwa hiari yao ili waketi.

Wajibu wetu

Walimu wenzetu, lugha iliyopewa hadhi na sheria yaweza bado kuonekana ngeni kwa mwanafunzi. Tukianza somo kwa majedwali ya ngeli tu, yule kijana wa swali letu atabaki na swali lake. Tunapendekeza basi mambo mawili. La kwanza, kila mwalimu awatume wanafunzi wake jikoni kwao wakaandike majina ya vyombo, viungo na vitendo vya kupika, kisha darasa lipambanue yaliyorithiwa, yaliyoazimwa kutoka Kiswahili, na yale ambayo Kiswahili cha huku kimeyaazima kutoka Kinyarwanda na lugha jirani. La pili, tuwaendee wazee wa Biryogo tukayaandike masimulizi yao wangali hai. Sheria na nyaraka za kambi zimehifadhiwa na wenye mamlaka. Maneno yaliyosemwa baada ya mlango kufungwa hayakuhifadhiwa na mtu ila wao.

Tulipomsimulia Bibi habari za kijana wetu, hakusema mengi. Alifunua sufuria, akachoma kipande kwa ncha ya kisu, akakifunika tena. "Mleteni huyo mtoto," alisema, "lakini aje mapema. Asije wakati wa kula. Aje wakati wa kukata vitunguu." Tulimpeleka Jumamosi iliyofuata.